Kumbukumbu, ukumbusho au kumbukizi? Jibu kwa katibu wa ukoo, Malindi

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni katibu wa kamati ya ukoo wetu hapa Malindi. Mwezi ujao bibi yetu anatimiza mwaka tangu alipofariki. Tumepanga khitma ya kumsomea Qur'ani nyumbani, na siku hiyo hiyo tufungue tangi la maji tulilolijenga madrasa kwa ajili yake. Kwenye rasimu ya kadi niliandika "Kumbukumbu ya Marehemu Bibi Yetu". Ami yetu aliye Lamu akasema neno lenyewe ni "ukumbusho". Binamu yangu aliyesomea Dar es Salaam akasema siku hizi huandikwa "kumbukizi". Nani yuko sawa? La pili, nilimwandikia shangazi yangu ujumbe kuwa "nakukosa sana", naye akanijibu, "Umenikosa nini, mwanangu?" Kila mtu nyumbani alicheka isipokuwa mimi.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwenyezi Mungu amrehemu bibi, amfanyie wepesi huko aliko.

Wote watatu mko sawa, ila kila mmoja anataja kitu chake. Wewe unafikiria khitma. Ami yako, nadhani, anafikiria tangi. Binamu yako anafikiria hotuba na bendera.

Majina haya yote yametoka kwenye vitenzi viwili, kumbuka na kumbusha. Anayekumbuka ni mtu mwenyewe. Anayekumbusha humfanya mwingine akumbuke. Kumbukumbu na kumbukizi zimezaliwa na kumbuka. Ukumbusho, makumbusho na kikumbusho vimezaliwa na kumbusha, na ile "sh" imebaki ndani yake kama alama ya ukoo. Kwa hiyo kabla ya kuchagua neno, jiulize: ninachotaka kukipa jina ni kule kukumbuka kwetu, au ni kitu kilichowekwa ili kitukumbushe? Khitma ni watu wameketi wakimkumbuka mzee wao. Hiyo ni kumbukumbu. Tangi litabaki pale madrasa hata siku ambayo hakuna mmoja wenu aliyepo, na mtoto atakayeinamia bomba kunywa maji atasoma kibao chenye jina la mwanamke asiyemjua. Huo ni ukumbusho, na hapo ami yako hana mpinzani.

Mfano mnao hapo hapo mjini kwenu. Ile nguzo ya Vasco da Gama iliyo ufukweni, ya yule Mreno aliyetia nanga Malindi mwaka 1498, ni ukumbusho. Sijamwona Mmalindi anayekaa akimkumbuka Vasco da Gama, lakini nguzo inamkumbusha kila apitaye, apende asipende. Ukumbusho haungoji mtu awe na huzuni wala mapenzi. Kazi yake ni kusimama.

Makumbusho nayo ni jumba la vitu vinavyokumbusha, tena vingi, ndiyo maana neno limevaa ma-. Makumbusho ya Lamu yako pale mbele ya bahari, na humo utaikuta siwa, lile baragumu kubwa lililopigwa kwenye harusi za wakubwa na shughuli za mji. Ukienda Dar es Salaam utamsikia utingo wa daladala akipiga kelele "Makumbusho! Makumbusho!" na abiria wanapanda bila hata mmoja kufikiria historia, maana hilo limekuwa jina la kituo, karibu na Kijiji cha Makumbusho. Kwenye magazeti ya hapa Kenya utakutana pia na neno makavazi. Mimi ningelipenda makavazi libaki kuwa la nyaraka na mafaili, na makumbusho liwe la vitu vya kutazamwa, lakini waandishi wa habari hawaniulizi.

Sasa neno la binamu yako, kumbukizi. Hilo ni neno halali kabisa, lakini lina kwao, na kwao ni Tanzania zaidi kuliko huku kwetu. Utalisikia sana inapofika tarehe 14 Oktoba, siku aliyofariki Mwalimu Nyerere mwaka 1999: kumbukizi ya Baba wa Taifa. Linafaa kwa siku inayorudi kila mwaka na yenye wageni wa heshima na kipaza sauti. Ukiliandika kwenye kadi ya khitma ya bibi Malindi, watu watalielewa, lakini litasikika kama tangazo la wizara. Mwambie binamu yako alitunze. Siku moja ukoo wenu utampata waziri.

Kuhusu ngeli, kwa kuwa wewe ndiye katibu na makosa yataandikwa jina lako: ni kumbukumbu ya au za, hii au hizi, ukumbusho wa, huu, makumbusho ya, haya, kumbukizi ya. "Ukumbusho ya" ninauona kwenye mabango mengi na kila nikiuona natamani kalamu. Utauliza, mbona Wakristo wana kitabu katika Biblia kiitwacho Kumbukumbu la Torati? Ni kweli, pale ni "la". Hilo ni jina la kitabu, limeganda jinsi lilivyo, na halikupi ruhusa ya kuandika "kumbukumbu langu".

Nikirudi kwenye kadi, ningekushauri usitumie jina hata moja kati ya haya kama kichwa. Pwani tunayo maneno ya shughuli yenyewe. Khitma ni khitma: juzuu thelathini zimegawanywa, kila mtu kashika yake, Qur'ani inakamilika katika kikao kimoja na thawabu zinaelekezwa kwa marehemu. Anayealikwa akisoma "khitma" anajua avae nini, aje saa ngapi na akae vipi. Akisoma "kumbukumbu" peke yake hajui kama kuna kisomo, chakula cha mchana au picha ukutani. Kuna na hauli, kikao cha kila mwaka cha siku aliyofariki mtu, lakini kwa desturi hauli tunawafanyia masharifu na wanazuoni, kama ile ya Habib Swaleh, mwanzilishi wa Msikiti wa Riyadha, inayojaza watu msikitini humo hapa Lamu. Bibi yako huenda alikuwa na daraja kubwa mbele ya Mola wake kuliko wengi wetu, lakini ukiandika hauli watu watauliza alisomesha wapi. Andika khitma, kisha eleza kwa kitenzi: "Khitma ya kumkumbuka bibi yetu, aliyetutoka mwaka mmoja uliopita." Kitenzi kina watu ndani yake. Jina lina bango tu.

Hili la kitenzi ndilo nililotaka kukaa nalo kidogo, kwa sababu shida yako na shangazi imetokana na hapo hapo.

Kukumbuka kwetu si kuweka kitu kichwani tu. Sikiliza watu wanavyosema. Mtu anapanda basi la Malindi kuja Lamu, jirani anamwambia, "Ukenda Amu, unikumbuke." Hamwambii amfikirie akiwa kwenye mashua kutoka Mokowe. Anataka aletewe kitu, halwa labda, au achari. Akirudi mikono mitupu akasema, "Wallahi nilikukumbuka kila siku," atachekwa, maana kama angelikumbuka angelikuja na kifurushi. Mwanamke aliyekaa miaka bila mtoto akipata mimba, majirani husema, "Mungu amemkumbuka." Mungu hakuwa amesahau; wanasema kwamba kimetendeka kitu. Barabara ikitiwa lami, mzee akihojiwa redioni hasemi imejengwa, husema, "Serikali imetukumbuka." Na anayeaga dunia huacha wasia wa maneno matatu: mnikumbuke kwa dua. Katika yote haya ukimwondoa anayetenda, maana inamwagika.

Na kinyume chake ni hivyo hivyo. Ukikaa muda bila kumtembelea jamaa yako, salamu ya kwanza ni "Mmetusahau!" Si swali, na wala si madai kwamba umepoteza majina yao. Ni deni unalodaiwa la miguu. Jibu lake la kawaida, "Hatujawasahau, ni shughuli tu," hupokelewa kwa adabu na haliaminiwi. Waswahili wana msemo mkali juu ya jambo hili: mla ni mla leo, mla jana kala nini? Yaani wema wa jana, kama leo haukurudiwa, huhesabiwa haukuwahi kuwapo. Ni msemo wa uchungu, na husemwa zaidi na waliotoa kuliko waliopokea.

Basi tuje kwa shangazi. Ulipomwandikia "nakukosa sana", ulichukua maneno ya Kiingereza ukayavisha kanzu. Kwa Kiingereza kitenzi kimoja, "miss", hutumika kwa kukosa gari na kwa kumtamani aliye mbali. Kiswahili hakikuviunganisha hivyo. Kukosa kwetu ni kutopata: kukosa gari, kukosa usingizi, kukosa adabu. Na kukosa ni kufanya kosa pia. Hapa pwani mtu aliyemuudhi mwenzake husema, "Nimekukosa, niwie radhi." Kwa hiyo shangazi alipoona "nakukosa sana", kwa masikio yake ulikuwa ukiungama kosa ambalo yeye hajalijua. "Umenikosa nini?" ni swali la haki kabisa. Alikuwa anataka kujua kiasi cha radhi atakayokutolea.

Ungelimwandikia, "Shangazi, nimekukumbuka." Basi. Neno hilo hubeba hamu yote uliyokuwa nayo, na si kwa Kiswahili peke yake. Kizulu cha Afrika Kusini kina kitenzi khumbula, ndugu ya kumbuka yetu kwa sura na kwa maana, na Mzulu akikitumia kwa mtu aliye mbali, maana yake ni kwamba amemkumbuka na ana hamu naye. Chichewa cha Malawi nacho kina kumbukira, karibu sawa na yetu. Neno hili ni la kale katika lugha zetu, halikuja na jahazi kutoka ng'ambo, tofauti na sahau ambalo tumelipata kwa Waarabu. Ukitaka kuongeza, sema "nina hamu nawe" au "nimekuonea shauku". Vijana husema "nimekumisi", na kwa rika lenu sina ugomvi nalo, lakini usimwandikie shangazi. Na kwa hali yoyote usimwandikie mtu mzima "nakutamani".

Umeona nimesema "nimekukumbuka", sikusema "nakukumbuka". Hapa pana tofauti ambayo wanaojifunza Kiswahili shuleni huikosa na waliozaliwa nayo hawajui kuwa wanaijua. Nimekumbuka ni jambo limefika sasa hivi. Nakumbuka ni jambo ninalo, limekaa. Shuka gatini Lamu, akukabili mzee aliyewahi kukufundisha juzuu ulipokuwa mdogo. Atakuangalia, utamwambia, "Maalim, umenikumbuka?" Atakunja uso, atakutazama paji mpaka kidevu, halafu: "Aa! Nimekukumbuka. Wewe si mjukuu wa fulani?" Lile "aa" na ile -me- ni ndugu. Kama angelikuambia "nakukumbuka" tangu mwanzo, angelikuwa na maana kwamba hakukupoteza hata siku moja, na hiyo ni heshima kubwa zaidi, ambayo walimu wenye wanafunzi mia hawaigawi ovyo. Kwa shangazi, "nimekukumbuka" ni hamu imekushika leo. "Nakukumbuka sana" ni hamu haikutoki. Zote mbili zinafaa, wewe chagua kwa kadiri ya ukweli.

Kuna kosa jingine la jamaa hiyo hiyo. Watu huandika, "Nakumbuka kufunga mlango," wakimaanisha kuwa waliufunga na picha ya kuufunga wanayo. Mswahili husema, "Nakumbuka niliufunga mlango." Kumbuka likifuatwa na ku- huelekea mbele, kwenye jambo ambalo bado: kumbuka kufunga mlango, kumbuka kuchukua dawa, alikumbuka kuzima jiko. La nyuma huwekwa na wakati wake: nakumbuka tulivuka usiku, nakumbuka bibi akituimbia. Kwenye khitma mtasimama mseme machache juu ya bibi. Sikiliza utaona wazee hawatasema "nakumbuka kuenda naye shamba". Watasema, "Nakumbuka tulikuwa tukienda naye shamba."

Uliniuliza juu ya kadi, hukuniuliza juu ya usahaulifu, lakini nataka kuugusa kwa haraka kwa kuwa bibi wengine humaliza umri wao wakiwa wasahaulifu na watu hukosa maneno mazuri ya kulieleza hilo. "Kumbukumbu yake ilikuwa imeharibika" ni lugha ya ripoti ya daktari. Nyumbani tulisema, "Alikuwa akisahau", au "fahamu zilikuwa zikienda na kurudi". Kamusi za zamani huipa fahamu maana ya kukumbuka pia, na wazee bado wana athari yake: mzee akikwambia "sifahamu vyema", mara nyingine hana maana kuwa hajaelewa, ana maana kuwa jambo hilo halimjii. Anayeshika mambo husifiwa kuwa "ana kichwa". Aliyeishika Qur'ani ameihifadhi, hatusemi ameikumbuka, maana kuhifadhi ni kulinda kisipotee hata herufi, kazi ya miaka na ya kurudia kila siku. Washairi wa zamani walipenda dhukuru, lenye maana ya kukumbuka na kutaja kwa pamoja. Kwao ukimkumbuka mtu bila kutaja jina lake hujamkumbuka. Na simu ikijaa picha za maulidi, watu husema memori imejaa. Waache.

Kazi yako ya ukatibu nayo ina kumbukumbu zake. Yale unayoyaandika kamati inapokutana huku Kenya huitwa kumbukumbu za mkutano, binamu yako wa Dar pengine huyaita muhtasari, na barua za ofisi za kwao zina "Kumb. Na." juu. Hapa neno limehama kichwani likaingia kwenye daftari, na nafikiri limehamia pazuri, maana waliotuachia "mali bila daftari hupotea bila habari" walikuwa wafanyabiashara na walijua kichwa hakitoshi. Andika nani ametoa nini kwa ajili ya tangi. Andika sasa, kwa wino. Ukoo ukianza kubishana baada ya miaka mitano nani alinunua mabomba, kutafuta risiti wakati huo kutakuwa kukumbuka shuka kumekucha.

Na kama shekhe atatoa mawaidha siku ya khitma, kwenye ratiba unaweza kuandika "Mawaidha" au "Ukumbusho". La pili ni zuri sana na huku kwetu linaeleweka, kwa kuwa Qur'ani yenyewe, katika aya ya 55 ya Sura ya 51, imeamrisha kukumbusha kwa kuwa kunawafaa waumini. Ndiyo maana shekhe akianza husema "tukumbushane", hasemi "niwafundishe". Waliokaa mbele yake wanajua kama yeye; amekuja kuwaamsha. Lakini ukiandika Ukumbusho kwenye ratiba na Ukumbusho kwenye kibao cha tangi, wageni wanaweza kuchanganya saa. Bora ratiba iwe Mawaidha, kibao kiachiwe neno la ami yako.

Kadi, basi, iwe hivi, ukijaza majina na saa:

"Ukoo wa ... unakukaribisha kwenye khitma ya kumkumbuka bibi yetu, marehemu ..., aliyetutoka mwaka mmoja uliopita. Baada ya khitma tutakwenda pamoja madrasa kufungua tangi la maji."

Na kibao:

"Ukumbusho wa Bibi .... Unywapo, umwombee."

Kama tangi limetolewa wakfu rasmi, anzeni na "Wakfu kwa ajili ya", kwa sababu hapo neno linamzuia mtu kulihamisha baadaye, jambo ambalo ukumbusho hauwezi. Muulizeni shekhe wenu kabla hamjalipa fundi wa vibao. Na kwenye kibao hicho liandikwe jina aliloitwa bibi mtaani, pamoja na lile la kitambulisho. Watoto wa madrasa watauliza nyumbani huyu ni nani, na mama zao hawatamjua kwa jina la kitambulisho.